Gereji ya wasomaji: giaboksi ipi itaingia kwenye Hilux ya zamani?

Swali: Nina Hilux LN106 ya mwaka 1993, injini 3L ya dizeli, fowili (inavuta kwa magurudumu yote manne). Gia ya pili inakwaruza na ya tano inachomoka nikiachia mafuta. Fundi anasema giaboksi imekwisha. Muuzaji wa spea za mtumba ana tatu sakafuni, na kila moja anasema ni ya Hilux na itaingia bila shida. Nichukue ipi? — *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Ndugu, usinunue kwa maneno "ya Hilux". Hilux za miaka ya 1980 na 1990 zilifungwa giaboksi za koo tofauti. Utakazokutana nazo zaidi ni za ukoo wa W, wa G na wa R. Herufi ndiyo ukoo. Tarakimu zinazofuata hutofautisha ndugu wa ukoo huohuo, hasa kwa uwiano wa gia. Ukikuta herufi F mwishoni, kama R150F, hiyo ni ya fowili.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, fungua boneti utafute sahani ya chuma ya kiwandani yenye namba ya chesi. Kuna mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Herufi na tarakimu kama G58, W56 au R151F ni giaboksi. Zile nyingine za mstari huo ni za difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu kwa magurudumu. Ziandike zote mbili. Halafu lala chini ya gari uhakikishe kilichoandikwa ndicho kilichopo. Gari la miaka thelathini huenda limeshabadilishwa giaboksi mara moja au mbili, na sahani haibadiliki.

Ukishajua uliyonayo, linganisha na zile tatu kuanzia mbele. Injini za 2L, 3L na 5L ni za ukoo mmoja, na sura yao ya nyuma, pale giaboksi inapofungwa, inakubaliana. Injini za petroli kama 4Y au 22R zina mpangilio wao wa matundu. Hapo wengi huitupa giaboksi nzuri bila sababu: kwenye koo hizi, belhauzi, yaani lile ganda pana linalofunika klachi, ni kipande kinachofunguka kwa bolti. Giaboksi iliyotoka kwenye gari la petroli, ikiwa ni ya ukoo uleule na yako, inaweza kuvikwa belhauzi yako ya dizeli. Belhauzi ya W haikai kwenye G, wala ya G kwenye R. Usimruhusu mtu akutobolee matundu mapya.

Kabla ya kuhamisha belhauzi, linganisha shafti ya mbele. Hesabu meno yake na uyajaribu kwa kuingiza klachi pleti yako. Iteleze bila kulazimishwa na bila kucheza. Kisha pima urefu kutoka uso wa giaboksi hadi ncha ya shafti, kwenye yako na kwenye ile ya dukani. Ncha hiyo hukaa ndani ya beringi ndogo iliyo katikati ya mwisho wa kranki, yaani shafti ya injini inayozungushwa na pistoni. Ikiwa fupi, shafti itaning'inia bila kushikwa, itayumba, na itakula beringi ya mbele ndani ya muda mfupi. Ikiwa ndefu, itagonga kranki kabla belhauzi haijafunga. Fundi mwenye haraka huivuta kwa bolti. Ganda la aluminiamu linapasuka, au kranki inasukumwa mbele na kula wosha zake za pembeni, na hasara inahamia kwenye injini.

Nyuma ndiko makosa mengi yanakotokea. Giaboksi ya gari linalovuta kwa magurudumu ya nyuma tu ina mkia mrefu, na propela shafti huchomekwa ndani ya mkia huo. Ya fowili inaishia kwa uso bapa na shafti fupi yenye meno inayoingia kwenye transfa, yaani boksi linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kama moja ya zile tatu ina mkia mrefu, iweke kando hata ikiwa safi kuliko zote. Kuigeuza iwe ya fowili kunataka shafti kuu nyingine na ganda jingine la nyuma, na vyote viwili utavitoa kwenye giaboksi ya pili. Ni afadhali ununue hiyo ya pili moja kwa moja.

Kwenye zile za fowili, hesabu meno ya shafti ya kutokea. Zipo za meno 21 na zipo za meno 23, na tofauti hiyo haionekani kwa jicho la haraka. Weka alama ya chaki kwenye jino la kwanza, hesabu kwa kidole, rudia mara ya pili. Transfa yako lazima iwe na gia ya kupokea yenye idadi ileile. Angalia pia kipande cha kati kinachounganisha giaboksi na transfa. Kuna transfa ambazo wenzo wake umesimama juu yake zenyewe, na kuna nyingine ambazo fito zake huja mbele kupitia kipande hicho hadi karibu na wenzo wa gia. Vipande hivyo havibadilishani, na usipoliangalia utagundua wakati tundu la sakafuni na wenzo haviko mahali pamoja.

Mengine ni ya kupitia haraka: uma wa klachi utokee upande uleule na silinda yake ndogo ipate pa kufungwa, mauntingi (mpira unaoishikilia giaboksi) ikae kwenye kroso memba, ile chuma inayovuka chini ya chesi, swichi ya taa za rivasi iwe na soketi ya aina yako.

Onyo moja kuhusu giaboksi za Hiace, kwa kuwa zimejaa madukani na bei yake huvutia. Hiace yenye 3L au 5L inaweza kukubaliana na injini yako kwa mbele. Lakini dereva wa Hiace amekaa juu ya injini, kwa hiyo gia zake hubadilishwa kwa mbali kwa keba au fito, si kwa wenzo unaosimama juu ya giaboksi. Na nyingi ni za kuvuta nyuma tu. Kwa LN106 yako, achana nazo.

Swali: Mafundi wawili wameangalia pikapu yangu ya Hilux. Mmoja anasema giaboksi, mwingine anasema klachi. Gia zinaingia kwa shida na kuna mlio. Nitajuaje nani anasema kweli kabla ya kununua? — *Msomaji, Nakuru*

Jibu: Unaweza kujua mwenyewe ndani ya nusu saa, na ni vizuri umeuliza mapema.

Zima injini. Kanyaga klachi, pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Washa injini, rudia. Ikiwa zote zinaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, na zote zinagoma ikiwa inawaka, klachi haiachii. Jaribu na rivasi: kanyaga pedali hadi chini, hesabu polepole hadi kumi, kisha ingiza. Klachi inayoachia vizuri huiacha shafti ya mbele isimame, na rivasi itaingia kimya. Ikikwaruza hata baada ya kungoja, kuna kitu kinaendelea kuizungusha. Mwambie mtu akanyage pedali huku ukitazama fito ya silinda ndogo kwenye belhauzi. Fito ikisogea kidogo tu, tafuta hewa kwenye mfumo, mpira uliokwisha kwenye silinda, au bomba la mpira linalovimba. Toa hewa, jaza mafuta ya breki ya DOT 3, na ujaribu tena. Kazi hiyo ni ya gharama ndogo sana ukilinganisha na giaboksi.

Ikiwa gia moja tu ndiyo inayokwaruza, na nyingine ni laini, hiyo ni sinkro ya gia hiyo, yaani ringi inayolinganisha mwendo kabla gia haijaingia. Klachi mbovu haichagui gia ya pili peke yake.

Kuhusu mlio, sikiliza gari likiwa limesimama kwenye nyutro. Mlio uliopo pedali ikiwa juu, unaopotea ukikanyaga, unatoka kwenye beringi za shafti ya mbele au za shafti ya chini ndani ya giaboksi. Mlio unaoanza unapogusa pedali ni wa rilisi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Unaobaki pedali ikiwa chini kabisa na gia imeingia unaweza pia kuwa wa ile beringi ndogo ya kwenye kranki, kwa sababu hapo kranki inazunguka na shafti imesimama. Kisha endesha. Mlio ukiwepo kwenye gia zote lakini ukipungua sana kwenye ya nne, mshuku wa kwanza ni shafti ya chini: kwenye gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma, na shafti ya chini inazunguka bila mzigo.

Usisahau pia kitako cha plastiki kilicho chini kabisa ya wenzo wa gia. Kwenye Toyota hizi kikisagika, wenzo unalegea kama mwiko ndani ya sufuria, dereva haoni gia iko wapi, na gia haifiki mwisho wake, kwa hiyo inachomoka. Ng'oa mpira wa sakafuni, gandamiza kifuniko cha wenzo, kizungushe kinyume cha saa, uvute wenzo juu. Ukikuta ncha haina kitako au imebaki vipande, badilisha hicho kwanza. Na wewe msomaji wa Morogoro, fanya hivyohivyo kwa gia yako ya tano, na uangalie mauntingi ya nyuma kama mpira haujakatika, kabla hujarudi kwa muuzaji wako.

Swali: Nabeba viazi kutoka mashambani, barabara ni za mlima na tope. Nimepata R150F na R151F, hali zao zinafanana. Kuna tofauti gani? — *Msomaji, Tukuyu*

Jibu: Tofauti iko kwenye gia za chini. R150 ina gia ya kwanza ya 3.83 na ya pili ya 2.06. R151 ina ya kwanza ya 4.31 na ya pili ya 2.33. Ya tatu zote ni 1.44, ya nne 1.00, na ya tano 0.84. Maana yake kwenye lami zitakwenda sawasawa, mafuta yatakuwa yaleyale, na tofauti utaiona pale unapoondoka na mzigo kwenye mwinuko.

Tuseme difu yako ni ya 4.10 na tairi linasafiri kama mita 2.26 kwa kila mzunguko. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, gia ya kwanza ya R150 itakupeleka kilomita 8.6 kwa saa, na ya R151 kilomita 7.7. Nguvu inayofika kwenye magurudumu inaongezeka kwa takriban asilimia 12 na nusu. Kwa mtu anayeondoka na gunia kumi kwenye tope, hiyo ndiyo tofauti kati ya klachi inayoshika na klachi inayonuka. Kwenye gia ya tano, kwa kilomita 80 kwa saa, zote mbili zitazungusha injini kama mara 2,030 kwa dakika.

Kwa kazi yako, chukua R151F. Ungekuwa wa lami tu bila mzigo, R150F ingependeza zaidi kwa sababu gia yake ya pili na ya tatu hazijaachana sana.

Usiamini kibandiko cha muuzaji. Jipimie palepale: chomeka klachi pleti ya zamani kwenye shafti ya mbele iwe kama usukani, weka gia ya kwanza, weka alama ya chaki kwenye shafti ya nyuma, kisha zungusha mbele mpaka nyuma itimize mizunguko 10 kamili. Ukihesabu 38 na kidogo, ni R150. Ukihesabu 43 na kidogo, ni R151. Jambo la pili: difu za mbele na nyuma za fowili lazima zibaki na uwiano mmoja. Giaboksi inaweza kubadilika bila kuzigusa, lakini usikubali mtu akubadilishie difu moja "ili ilingane na giaboksi".

Swali: Giaboksi za mtumba zinafika hapa kutoka Dubai zikiwa zimeoshwa zinang'aa. Nitajuaje nzima? — *Msomaji, Goma*

Jibu: Kung'aa kwa nje hakukuambii lolote, na ile iliyopuliziwa rangi ya fedha hadi kwenye sili inastahili kushukiwa kuliko yenye vumbi lake la asili. Nenda na spana ya 24, tochi, chaki na sumaku ndogo.

Fungua tundu la kutolea oili. Mafuta mengi hutolewa kabla ya kusafirishwa, lakini matone hubaki. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa ukucha ni meno au beringi, iache. Oili ya rangi ya maziwa ina maana maji yaliingia, na kwenye beringi kutakuwa na kutu. Ingiza kidole ndani ya tundu ulipapase.

Shika shafti ya mbele, isukume juu na chini. Kuyumba kidogo sana ni kawaida, kwa kuwa gari halijaishika ncha yake. Kugonga kunakosikika si kawaida. Tazama bomba linaloizunguka, pale rilisi beringi inapoteleza: likiwa na mfereji unaoshika ukucha, klachi itakuwa nzito na itaganda. Kipande hicho kinabadilishwa peke yake, kwa hiyo punguza bei, usiiache giaboksi kwa ajili yake.

Weka nyutro na uzungushe mbele. Isikilize kwa sikio lililo karibu na ganda. Halafu pitisha gia zote kwa wenzo; omba wenzo, usikubali bisibisi. Kila gia iingie na kukaa kwa mshtuko mdogo unaousikia mkononi. Gia inayoingia bila mshtuko ina springi au fito iliyolika, na hiyo ndiyo itakayochomoka barabarani. Mwisho kagua masikio yote ya bolti na mstari wa kuunganisha magamba. Ufa uliozibwa kwa gundi ya chuma hupakwa rangi juu yake.

Andikiana na muuzaji muda wa kuirudisha, na uandike namba iliyogongwa kwenye ganda. Bila namba, ukirudi atasema si ile.

Swali: Je, si bora nifumue yangu na kuweka vifaa vipya? Na ikirudi, ifungweje? — *Msomaji, Tanga*

Jibu: Ikiwa ganda ni zima na gia hazijavunjika meno, ndiyo, tungefumua. Giaboksi yako unaijua ilikotoka. Ya mtumba ni ya mtu mwingine na uchovu wake. Ila fumua kwa vipimo. Kandamiza ringi ya sinkro kwenye koni ya gia yake na upime pengo kati yao kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia. Likiwa chini ya milimita 0.8, ringi imekwisha. Pengo kati ya uma na mkono wa gia (ringi inayoteleza kuingiza gia, si wenzo) lisizidi milimita 1. Ringi mpya haisaidii kama meno madogo ya kuingizia ya gia yenyewe yamekuwa butu. Hapo gia hubadilishwa pamoja na mkono wake. Beringi zote, sili zote na klipu zote za mviringo ziwe mpya. Kubadilisha beringi moja iliyolia na kuziacha nyingine ni kulipa ufundi mara mbili.

Sasa kuifunga. Ukiwa umeshusha, badilisha klachi pleti, rilisi beringi, ile beringi ndogo ya kwenye kranki, na sili ya nyuma ya injini kama inatoa jasho. Bolti za presha pleti, ile inayobana klachi pleti, zikazwe kwa kuvuka, kidogokidogo, hadi Nm 19 (nyutonimita, kipimo cha spana ya kupimia), klachi pleti ikiwa imewekwa katikati kwa kipimo chake au kwa shafti ya mbele ya zamani. Hakikisha zile pini mbili tupu za kuelekeza belhauzi zipo nyuma ya injini. Zikikosekana giaboksi hukaa upande, na beringi ya mbele hufa bila mtu kujua sababu.

Ipandishe kwa jeki, sawasawa na mlalo wa injini. Usiiache ining'inie kwenye shafti ya mbele hata kwa dakika moja wakati unatafuta bolti: uzito wake unapinda kitovu cha klachi pleti, na gari litatetemeka kila unapoondoka. Ikigoma sentimita mbili za mwisho, weka gia, zungusha shafti ya nyuma taratibu mpaka meno yakutane. Belhauzi ifunge kwa mkono. Ndipo ukaze bolti za kichwa cha 17 kwa Nm 72.

Swali: Oili gani? — *Msomaji, Mombasa*

Jibu: 75W-90. Kitabu cha Toyota cha giaboksi hizi kinakubali GL-4 na GL-5 (madaraja ya oili ya gia), lakini kwa sinkro za shaba zilizozeeka sisi tungetia GL-4. Viungo vya GL-5 vimetengenezwa kwa ajili ya presha ya difu, na sinkro inataka msuguano ili ishike. Fungua kwanza bolti ya kujazia iliyo ubavuni, kisha ndiyo ya kutolea. Ukitoa oili yote na ya kujazia ikagoma kufunguka, gari limelala hapo. Gari likiwa sawa, jaza mpaka oili ifike ukingo wa tundu au chini yake kwa milimita zisizozidi 5. Bolti zote mbili Nm 37, wosha mpya. Transfa ina tundu lake mwenyewe, nayo ijazwe.